Ukiambiwa ini lina mafuta: anzia kwa sufuria, kikombe cha chai na miguu

Mi naendesha tuktuk hapa Kisumu, steji yetu iko Kondele, na hii kazi nimeifanya miaka tisa sasa nikiwa nimekaa tu. Mwaka jana nikaanza kusikia kitu kama uzito hapa kulia chini ya mbavu, si maumivu hasa, ni kama mtu ameniwekea jiwe, nikajiambia ni vidonda vya tumbo juu nakula saa mbaya, nikanunua dawa, nikameza, jiwe likabaki palepale. Kwenda hospitali nikatumwa ultrasaundi. Yule dada wa mashini akanipaka ile jeli baridi, akazungusha kile kidude, akanyamaza kidogo alafu akaniuliza, "Baba, unakunywa pombe sana?" Nikamwambia mi hata busaa ya kwetu Vihiga siguzi. Akanigeuzia skrini. "Ona hii figo hapa, iko na giza. Sasa ona ini, linang'aa kuliko figo. Hayo ni mafuta." Kwa karatasi wakaandika daraja la pili kati ya matatu, la tatu ndio baya zaidi.

Daktari alisoma, akasema "punguza mafuta, fanya mazoezi, rudi baada ya miezi sita", na mwingine akaitwa. Ni hivo tu. Sasa hayo maneno machache ndio nataka niyafungue hapa, juu mi nilitoka pale nikafanya venye kila mtu hufanya, nikaacha nyama, nikaacha parachichi, nikaacha mayai, nikaendelea na chai yangu ya vijiko vitatu na soda ya saa saba, na nikaendelea kukaa kwa tuktuk. Miezi miwili nimeteseka bure.

Kwanza ujue hayo mafuta yanaingilia wapi

Ini lako ni kama kilo moja na nusu, na likipitisha mafuta ya asilimia 5 ndio wanasema lina mafuta. Watu wazima wenye hii shida duniani ni karibu watatu kwa kila kumi, na wengi hawajui kwa sababu ini halilii. Zamani walikuwa wanaliita ini la mafuta lisilo la pombe, lakini 2023 madaktari wa dunia wakabadilisha jina, sasa linaitwa MASLD, kwa hivyo ukiona hiyo kwa karatasi usishtuke ati ni ugonjwa mpya.

Kitu kilichonifungua macho ni hii. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichukua wagonjwa 9 wenye ini la mafuta, wakawapatia vitu vyenye alama inayoweza kufuatwa ndani ya mwili, alafu ini lilipokatwa kipande wakaangalia yale mafuta yametoka wapi. Asilimia 59 ilikuwa ni mafuta ya mwili wenyewe, yale ya kitambi na kwingine, yaliyoachiliwa kwa damu yakaenda kukaa kwa ini. Asilimia 26 ini lilikuwa limejitengenezea lenyewe kutoka kwa sukari na wanga. Mafuta ya kwa sahani yalikuwa asilimia 15 tu.

Kwa hivyo kuna milango mitatu, na sisi tukiambiwa "punguza mafuta" tunakimbia kusimama kwa ule mdogo kabisa.

Kama huamini kwamba wanga unaweza kuwa mafuta, fikiria wale bata bukini wa Ufaransa. Kuna chakula cha matajiri kule ni ini la bata lililonona, na wakitaka linone hawamlishi bata mafuta ya kupikia, wanamsukumia mahindi kwa nguvu kwa koo, kila siku, kama wiki mbili hivi, mpaka ini linavimba mara kadhaa ya ukubwa wake. Mahindi! Mtu wa western akisikia hivo lazima aweke kijiko chini kidogo. Si kwamba ugali ni sumu, wazee wetu wamekula ugali wakalima mpaka jioni na maini yao yalikuwa sawa, shida ni ugali wa mtu wa kulima ukiliwa na mtu wa kukaa kwa tuktuk.

Mlango wa sahani: si mafuta kiasi gani tu, ni mafuta gani

Nimesema huu ni mlango mdogo lakini una ujanja wake. Kule Finland 2018 walichukua watu wanene 38, kila mmoja akaongezwa kalori 1,000 kwa siku juu ya chakula chake, wiki tatu. Kundi moja wakaongezwa siagi, jibini na mafuta ya nazi. La pili wakaongezwa hasa mafuta ya zeituni na njugu za pecan. La tatu soda, juisi na peremende. Wa siagi mafuta ya ini yalipanda kwa asilimia 55. Wa sukari 33. Wa zeituni na njugu 15. Kalori ni zilezile! Na sababu ni kwamba yale mafuta ya kuganda yalifanya mafuta ya mwili yamwagike zaidi kwa damu, yaani yanaenda kufungua ule mlango mkubwa kutoka ndani, kama mtoto anayefungulia mwizi.

Sasa sisi huku hatupiki na jibini. Sisi tuna mawese, na wengi hawajui. Ile salad, yaani mafuta ya kupikia ya kupima unayojaza kwa chupa pale dukani, na nyingi za jerikeni ya manjano ambazo zimeandikwa tu mafuta ya mboga, ni mawese yaliyosafishwa. Dada yangu ameolewa Molo na kule asubuhi baridi ikipiga salad inaganda kwa chupa, inabidi waiweke kando ya jiko iyeyuke ndio wapike. Hapa Kisumu na hili joto huwezi kuona hiyo, kila mafuta yanakaa maji, unadhani yote ni sawa. Fanya hivi: weka kijiko kimoja kwa kikombe cha kioo, kiweke kwa friji ya jirani usiku mmoja, si kwa barafu, pale chini tu. Yakiamka yamefanya mawingu au yamekuwa kama uji, mara nyingi ni ya ile jamii ya kuganda, isipokuwa zeituni, hayo pia hufanya mawingu kwa baridi. Alizeti itabaki inang'aa. Au soma lebo, tafuta neno "palm".

Na Sweden walishajaribu hiyo hiyo na vijana 39 wembamba, 2014, wakawalisha keki ndogo wiki saba, wengine keki za mawese, wengine keki za alizeti. Wote walinenepa sawa, kama kilo 1.6 hivi. Lakini wa mawese ndio waliweka mafuta zaidi kwa ini na ndani ya tumbo. Wa alizeti waliongeza nyama isiyo na mafuta, kama msuli, karibu mara tatu kuliko wa mawese.

Najua alizeti ni ghali. Mi pia nilisimama pale supamaketi nikarudisha chupa mara mbili. Kilichoniokoa ni kupima. Siku moja nikamwambia mama watoto asimwage mafuta kwa sufuria moja kwa moja, amwage venye amezoea lakini kwa kikombe cha dawa ya kikohozi ya mtoto, kile chenye mistari. Akamwaga cha kwanza, cha pili, akaniangalia, mpaka tukafika mililita 90. Sukuma ya watu wanne! Hiyo ni zaidi ya kalori 700 ambazo hakuna mtu hapo mezani anajua amekula, kila gramu ya mafuta ni kalori 9, iwe ya zeituni iwe ya nguruwe. Tukakubaliana vijiko viwili vya chakula kwa sufuria, mililita 30. Wiki ya kwanza sukuma ilishika chini, mama watoto akanuna. Dawa yake ni kukaanga kitunguu na moto mdogo, nyanya iingie mapema itoe maji yake, na ikikauka uongeze maji vijiko viwili, si mafuta. Kwa hesabu ya mwezi alizeti kidogo ikatugharimu karibu sawa na salad nyingi.

Sasa samaki. Auntie ya mama watoto anakaanga mgongo wazi kule Obunga, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, na mi nimekula mgongo wazi maisha yangu yote ya Kisumu, siwezi kuwadanganya ati nimeacha. Lakini simama pale uangalie ile karai. Mafuta ya jana yameongezewa ya leo, yana rangi ya chai ya rangi, yanatoa moshi unaowasha macho. Mafuta yaliyochomwa hivo mara nyingi yameshaharibika, na yale ambayo samaki amenyonya huwezi kuyatoa kwa gazeti. Mi siku hizi ni mara moja kwa wiki mbili, na naenda asubuhi kabla mafuta hayajazeeka, auntie ananicheka. Nyumbani ngege ni wa kuchemsha, na nyanya, kitunguu, dania na ndimu. Omena tunaiosha na maji moto, tunaikausha kwa kikaango bila kitu mpaka iwe inalia krr krr ukiikoroga, ndio kijiko kimoja cha mafuta kinaingia na nyanya. Tamu kuliko ile inayoogelea.

Parachichi nilirudia. Mafuta yake mengi ni ya jamii ya zeituni, nusu kwa siku na mboga hainisumbui. Mayai nilirudia pia, ya kuchemsha. Njugu nakula ngumi moja, lakini hapa nisikize vizuri: chagua njugu. Zile zimekunjamana, zina rangi ya kijani au nyeusi, zina ladha chungu, tupa, usizile hata kama ni za bure. Ule ukungu unatoa sumu ya aflatoxin na adui yake wa kwanza ni ini. Mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na wilaya za karibu mahindi yenye hiyo sumu yaliua watu 125. Kwa hivyo usikimbie mafuta ya kuganda ukaingia kwa njugu za ukungu.

Maziwa sikuacha. Chapati nilipunguza hadi Jumapili, juu chapati ya hapa kwetu bila mafuta si chapati, afadhali ule moja ya ukweli kuliko tano za kujidanganya.

Mlango wa kikombe

Hapa nitasema haraka juu hakuna ujanja. Sukari ya mezani nusu yake ni fruktosi, na fruktosi sehemu kubwa inashughulikiwa na ini lenyewe, ikizidi inageuzwa mafuta hapohapo. Chai yangu ilikuwa vikombe vitano kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, hiyo ni kama gramu 60. Soda ya nusu lita ina gramu 50 na kitu. Jumla 110 na bado sijakula mandazi. Shirika la Afya Duniani linasema isipite asilimia 10 ya kalori zako, yaani kama gramu 50 kwa mtu wa kawaida, na ikifika 25 ni bora zaidi.

Soda niliacha siku moja, haikuniuma. Chai ndio iliniuma. Usiruke kutoka tatu hadi sufuri, utarudi. Nilitoa nusu kijiko kila wiki, mpaka nikafika nusu kijiko kwa kikombe na nikakwama hapo, sitaki kudanganya. Tangawizi inasaidia. Na wenzangu wa Bungoma na Kisii ambao mnalima kahawa na kuuza yote, kunyweni kidogo: watu wanaokunywa vikombe viwili vitatu kwa siku wameonekana mara nyingi kuwa na makovu machache kwa ini. Lakini si ya vijiko vinne vya sukari. Na juisi ya matunda ya kusaga ni soda iliyovaa suti, kula embe lenyewe.

Ugali pia nilikata, si kuacha. Sahani yangu sasa nusu ni mboga, mrenda, osuga, saga, kunde, chochote mama mboga wa Kibuye ako nacho, na ugali ni ngumi yangu moja. Jioni ngumi ndogo zaidi.

Pombe sina mengi. Kama ini tayari lina mafuta, bia na chang'aa ni kuongeza kuni kwa moto. Wacha.

Mlango mkubwa unafungwa na miguu

Hii ndio sehemu nilikuwa napuuza. Nilidhani mazoezi ni ya kupunguza kilo tu, na kama kilo hazishuki basi hayafanyi kazi. Sivyo. Kuna kitu kinaitwa insulini, kazi yake moja ni kuambia mafuta ya kitambi "kaeni ndani, msimwagike". Mwili uliokaa sana unaacha kuisikia hiyo sauti, mafuta yanamwagika kwa damu saa zote, na ini ndio linapokea. Msuli ukifanya kazi unavuta sukari kutoka kwa damu hata bila kuambiwa na insulini, na ukifanya hivo mara kwa mara mwili wote unaanza kusikia tena. Mlango unafungwa hata kabla mizani haijajua.

Kuna hesabu iliyofanywa 2023, wakaunganisha tafiti 14 za watu 551. Waliofikisha kitu kama dakika 150 za kutembea kwa haraka kila wiki, asilimia 39 walipunguza mafuta ya ini kwa asilimia 30 au zaidi kwa picha za MRI. Waliofanya chini ya hapo, asilimia 26. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Si jimu, si viatu vya elfu kumi.

Kutembea kwa haraka maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kama unaimba, ongeza mwendo. Kama huwezi kujibu salamu, punguza. Mi nilianza na dakika kumi juu hata kumi zilinitoa jasho, nikaongeza dakika tano kila wiki. Kisumu jua la saa sita halina urafiki, kwa hivyo ni saa kumi na mbili asubuhi kabla sijatoa tuktuk, natoka Manyatta nashika Ring Road nikirudi. Jumamosi naenda Dunga upande wa ziwa, kuna upepo na hakuna pikipiki nyingi. Kama unataka kujitesa kuna mlima wa Riat, barabara ya Kakamega, lakini usianze na huo, nilienda mwezi wa pili nikajifanya kijana, nikarudi na matatu.

Kitu kingine kidogo kilichonisaidia kuliko nilivyotarajia ni kutembea dakika kumi hadi kumi na tano baada ya kula chakula cha mchana. Zamani nikimaliza kula nalala kwa kiti cha nyuma cha tuktuk. Sasa nazunguka soko kwanza ndio nikae. Sukari ya damu haipandi sana, na hata usingizi wa saa nane umepungua. Na wewe wa ofisini au wa kushona au wa duka, simama kila baada ya nusu saa, hata kama ni kwenda kupanga vitu upya.

Uzito pia unafanya kazi. Kule Newcastle, Uingereza, 2011, watu wenye ini la mafuta walifanya mazoezi ya kubeba uzito mara tatu kwa wiki, wiki nane, mafuta ya ini yakashuka kwa asilimia 13 na kilo zao hazikubadilika hata. Kwa hivyo kama magoti yako ni mabaya na kutembea ni shida, hapa ndio pako. Vyombo tunavyo: jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Nilianza na ya lita tano mkono huu na tano mkono ule. Kukaa na kusimama kutoka kwa kiti bila kushika, mara kumi. Kusukuma ukuta, mara kumi, baadaye kusukuma meza, baadaye chini. Kuinua jerikeni kutoka chini mgongo ukiwa wima, mara kumi. Unapumzika dakika mbili, unarudia mara tatu. Siku moja ndio, siku moja hapana. Watoto watakucheka wiki moja alafu watajiunga.

Ila ukiacha, faida inaondoka. Mi nilisafiri nyumbani Desemba, wiki tatu za kukaa chini ya mti na kuku wa kienyeji, mshipi ukarudi tundu moja.

Kama unatumia dawa za sukari, hasa insulini, ongea na daktari kabla ya kuanza, sukari inaweza kushuka sana ukiwa njiani, na ubebe kitu mfukoni. Kama kifua kinabana ukitembea, simama, nenda hospitali kwanza.

Mizani, mshipi na karatasi

Nilianza na kilo 94. Ukipunguza asilimia 3 hadi 5 ya uzito wako, mafuta ya ini yanaanza kushuka, kwangu ni kama kilo tatu hadi tano. Ukifika asilimia 7 hadi 10 hata ule uvimbe unaoletwa na mafuta ndani ya ini unapoa. Cuba walifuata watu 293 mwaka mzima, matokeo wakayatoa 2015, na kwa waliopunguza asilimia 10 au zaidi, tisa kwa kila kumi ule uvimbe uliisha, na karibu nusu hata makovu yalipungua. Lakini waliofika hapo walikuwa wachache, kwa hivyo usijichape ukikwama. Nusu kilo hadi moja kwa wiki inatosha. Zile za kufunga siku kumi na kunywa maji ya ndimu zinaweza kukuletea mawe kwa nyongo, na hizo chai za kusafisha ini zinazouzwa kwa simu na kwa basi, mi nimeona mtu wa steji yetu akigeuka manjano macho baada ya wiki tatu za hiyo dawa. Ini linajisafisha, liache tu lifanye kazi. Dawa ya ukweli ya hospitali ya kwanza kwa hii shida ilikubaliwa Marekani 2024, na ni ya wale ambao makovu yameshaanza.

Miezi mitatu ya kwanza nilipoteza kilo mbili tu, nikakasirika. Lakini mshipi ulikuwa umeingia matundu mawili. Chukua futi ya fundi wa nguo, pima kiuno usawa wa kitovu ukiwa umetoa pumzi, si kushikilia. Mwanaume ikipita sentimita 94, mwanamke 80, hapo ndio kuna kazi. Mi nilikuwa 108.

Ukienda kupimwa usiridhike na picha tu, picha inaona mafuta haioni makovu vizuri, na makovu ndio yanaua. Omba AST na ALT, hizo ni enzaimu za ini, na hesabu ya chembe sahani za damu (platelets), hizo zinapimwa kwa maabara nyingi za kawaida. Alafu fanya hesabu hii kwa simu: miaka yako mara AST, gawanya kwa chembe sahani mara kipeuo cha pili (square root) cha ALT. Mi nilikuwa na miaka 43, AST 41, chembe sahani 230, ALT 52, kipeuo chake ni 7.2 hivi. Ikatoka 1.06. Ikiwa chini ya 1.3 makovu makubwa hayatarajiwi, ukipita miaka 65 wanatumia 2. Chini ya miaka 35 hii hesabu haiaminiki sana. Ikipita, mwambie daktari akutume kwa kipimo cha ugumu wa ini. Na siku hiyohiyo jipime hepatitis B, juu mtu anaweza kulaumu chapati kumbe ni virusi. Macho ya manjano, tumbo au miguu kuvimba, kutapika damu, choo cheusi kama lami, hizo si za kusoma kwa simu, nenda hospitali sasa hivi.

Jambo la mwisho lilinigharimu pesa. Miezi sita ilipofika nilikuwa najisikia poa sana, siku mbili kabla ya kurudi kuna jirani alikuwa anamwaga slabu nikamsaidia kubeba simiti, mifuko kumi na nne, nikijionyesha. ALT ikatoka 88. Daktari akaanza kuniuliza maswali ya pombe upya, na dawa gani za kienyeji, mi natoka jasho tu. Kumbe hizo enzaimu ziko kwa msuli pia, ukifanya kazi nzito usiyoizoea msuli unazimwaga kwa damu na zinaweza kukaa juu wiki nzima, hata kama ini liko sawa. Akaniambia nirudi baada ya siku kumi bila kubeba kitu. Ikatoka 34, na ini kwa picha limetoka daraja la pili hadi la kwanza, nikalipia kipimo mara mbili. Siku hizi nikibakisha wiki ya kupimwa natembea tu polepole, jerikeni za maji anabeba kijana wangu, na nikiulizwa na jirani nasema daktari amekataza.